Kuvu Mbili, Jina Moja

Maabara ya Afya ya Mimea
Chumba cha Kuvu, ghorofa ya chini
3 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua. Sijafukuzwa kazi, angalau mpaka leo mchana. Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka, na najua umeizima makusudi kwa sababu ya wale maafisa wa Idara ya kilimo wanaokusumbua. Kwa hiyo nakuandikia, maana barua haina kitufe cha kuzima.

Umeshasikia wanavyosema. Ati machungwa ya bonde letu yana ugonjwa wa madoa meusi, na kila mti utakaokutwa na kuvu yake utang'olewa. Nataka ujue jambo moja kabla hawajafika kwako. Majani waliyotuletea hapa kutoka bondeni yalikuwa ya kijani, mazima, bila alama yoyote. Tukayakata vipande, tukayaosha, tukayaweka kwenye sahani za kioo, na kweli kuvu ikaota. Mkuu wa Maabara akainama kwenye hadubini kwa muda wa kupiga chafya, akasema, "Ndiyo yenyewe." Akaandika taarifa, akaniletea nisaini, kwa kuwa kazi ya kutambua kuvu katika nyumba hii ni yangu.

Sijasaini.

Nikueleze kwa nini. Kuvu hizi ni za jenasi inayoitwa Phyllosticta; ukiitamka polepole inapita. Jenasi ni kama ukoo. Katika ukoo huu yuko mmoja anayekaa ndani ya jani maisha yake yote bila kumsumbua mtu. Yumo kwenye michungwa, yumo kwenye miembe, yumo hata kwenye maua ya pale mlangoni kwetu. Na yuko ndugu yake, huyo ndiye anayetia matunda madoa, matunda yakaanguka kabla ya wakati na soko likafungwa. Kwa miaka mingi vitabu viliwapa wote wawili jina moja, kwa sababu chini ya hadubini wamefanana mno: mbegu zao ndogo ndogo zina umbo la yai, zimevaa koti la ute, na zina kamkia. Mkuu alisomea vitabu hivyo. Nilipomwambia hawa ni wawili, alinijibu, "Jenasi ni ile ile, inatosha." Inatosha vipi? Mtu wa ukoo wetu akiiba, waje wakukamate wewe?

Naomba majani. Kutoka kila shamba la bondeni na la kwako pia, mabichi, ya kijani. Kila fungu liandike jina la mwenyewe. Yafunge kwenye karatasi, si kwenye plastiki, maana kwenye plastiki yananifikia yakiwa mchuzi.

Mpwa wako,
asiyesaini


Nyumbani
11 Machi

Daktari wa Kuvu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, kwa sababu nilidhani unaolewa.

Majani haya hapa. Nilikuwa nimeshayatia kwenye mfuko wa plastiki, nikasoma mpaka chini, nikayatoa tena. Siku nyingine maagizo yaweke juu. Nimepita shamba kwa shamba mwenyewe, kwa miguu hii hii unayoniambia kila siku niipumzishe.

Huku hali si nzuri. Watu wa Idara wamekuja na makopo ya rangi nyekundu, na kila mti wanaoushuku wanauchora msalaba. Kwa jirani yangu Fundi Bomba, yule anayetutengenezea mabomba ya maji, wamechora mstari mzima. Yeye alisimama tu, mikono nyuma, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kwangu wakachora miti ya juu, ile ya babu yako. Nikawaacha wamalize, nikawapa na maji ya kunywa. Walipoondoka nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikaifuta yote. Kesho yake wakarudi kuuliza rangi iko wapi. Nikawaambia mimi nimepanda miti, rangi sijui habari zake.

Lakini kuna jambo linaniuma. Juzi nimeingia dukani wakanipa mgongo wote. Mwenye duka ndiye aliyefungua mdomo: "Si mpwa wako yuko huko maabara? Si yeye aliyesema tuna ugonjwa?" Nilivyomjibu nitakueleza siku tukionana, maana karatasi nayo ina heshima yake. Hawa watu wamekubeba mgongoni wewe, kila mmoja kwa zamu, mama yako alipokuwa mgonjwa. Usisaini kitu cha uongo juu yao. Ukisaini itabidi nitafute duka lingine, na lingine lililopo linauza sukari yenye mchanga.

Shangazi yako,
mwenye miguu yake


Maabara
2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Majani yalifika vizuri, hata moja halikuoza. Ungekuwa na cheti ningekuajiri.

Sikiliza nilichofanya. Ile kuvu iliyoota nimeihamishia kwenye uji wa shayiri ulioganda. Usicheke, ndivyo kazi inavyofanywa, na uji wenyewe naupika mimi kwenye sufuria yangu. Yule ndugu mbaya akikaa juu ya shayiri anaichafua kwa rangi ya njano, inatoka pembeni yake na kusambaa. Yule mpole haachi rangi hiyo. Tena mpole anakua haraka, na koti lake la ute ni nene. La yule mbaya ni jembamba, na anakua kwa uvivu.

Nimepanda majani ya bonde zima. Njano hakuna. La Fundi Bomba halina, la mwenye duka halina (mwambie), la kwako halina. Makoti yote manene. Nikaenda kwa Mkuu nikiwa nimebeba sahani zangu kifuani, nikamwambia mbele ya wenzangu wote kwamba bonde ni safi, na kwamba naweza kuapa.

Unajua alinijibu nini? Aliniambia, "Nionyeshe hiyo njano. Hujawahi kuiotesha hapa. Nitajuaje kama ni kuvu isiyotoa rangi au ni uji wako usiopokea rangi?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba hapo alikuwa na haki. Ili nithibitishe kuwa ni wawili lazima niwaweke wote wawili mezani, wote hai. Zile sampuli kavu za kabatini zimekufa siku nyingi. Kuagiza kuvu mbaya ikiwa hai kutoka nje ni marufuku, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa hiyo nimekwama hapo.

Jambo dogo: mbona umeniletea majani ya miti ya juu tu? Ile ya chini, unayoipenda kuliko sisi, imekuwaje?

Mpwa wako


Nyumbani
9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwenye duka nimemwambia. Alinipa kiberiti bure, nadhani ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Jana kulikuwa na mkutano. Afisa wa Idara alisimama akasema utaalamu haubishaniwi. Nikanyanyuka nikamwambia mtaalamu wetu yuko maabara, amekataa kutia saini, na kama utaalamu haubishaniwi basi yeye aketi. Watu walicheka, Fundi Bomba akapiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Wametupa muda mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo wanakuja na misumeno.

Miti ya chini achana nayo. Bado ni midogo na mwaka huu haikuzaa kitu cha maana. Ukitaka ukweli sipendi watu waiguseguse. Hii ya juu ni ya urithi, baba yako na kaka zake wana maneno nayo kila mwaka, nani apewe mstari upi. Ile ya chini hakuna mwanaume aliyenipa. Nilichimba mashimo yale mwenyewe na mgongo huu. Nikifa na kitu kikiitwa changu, ni hicho.

Mimi najiuliza tu, kwa ajili ya kujua. Hiyo kuvu ya njano ikipatikana mahali, miti yenyewe inafanywaje? Inapigwa dawa?

Shangazi


Maabara
16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hapana, hapa hakuna dawa inayoruhusiwa. Sheria inasema mti wenye kuvu hiyo unakatwa, unang'olewa na mizizi, unachomwa, pamoja na kila jani lililoanguka chini, kwa sababu ugonjwa unaruka kutoka kwenye majani yaliyooza. Shamba hilo halipandwi mchungwa tena kwa miaka. Fidia hakuna. Ni sheria kali, lakini kwa yule mbaya ni ya haki. Ninachopinga ni kumpa mpole hukumu ya ndugu yake.

Uliposema "kwa ajili ya kujua" nilicheka. Wewe tangu lini?

Wamenihamishia meza. Sasa nakaa kwenye korido, karibu na ndoo za kudekia, na kila anayepita ananipa pole kana kwamba nimefiwa. Hadubini yangu wameniachia kwa sababu hakuna mwingine anayejua kuirekebisha. Sitoki, ng'o. Wakitaka nisaini wanishike mkono.

Mpwa wako wa koridoni


OFISI YA MKUU WA MAABARA
20 Aprili

Kwa Mtambuzi wa Kuvu

KUHUSU: KUKATAA KUSAINI TAARIFA YA UTAMBUZI

Rejea mazungumzo yetu ya mara kwa mara juu ya mada tajwa hapo juu.

Ofisi hii inatambua juhudi zako. Hata hivyo, madai kwamba sampuli husika ni za spishi tofauti hayajathibitishwa kwa sampuli linganishi iliyo hai. Aidha, imefahamika kwamba mmoja wa wenye mashamba ni jamaa yako wa karibu, jambo linalotia shaka juu ya uamuzi wako.

Unaagizwa kusaini taarifa kabla ya tarehe 31 Mei. Ukishindwa, suala lako litafikishwa kwenye kamati ya nidhamu na taarifa itasainiwa na mwingine.

Mkuu wa Maabara


Koridoni
21 Aprili

Kwa Mkuu wa Maabara

Barua yako nimeipata.

Ni kweli shangazi yangu ana shamba bondeni. Sahani zake ziko kwenye rafu moja na za wengine, na ufunguo wa rafu unao wewe. Ukiona nimempendelea, nionyeshe ni wapi.

Mwingine akisaini, asaini. Lakini kwenye nafasi ya jina la spishi ataandika kitu asichokijua, na mimi nitakuwa hapa hapa karibu na ndoo nikiwaambia wote wanaopita.

Mtambuzi wa Kuvu


Nyumbani
24 Aprili

Daktari,

Marahaba ya haraka, mwenye gari la mizigo ananisubiri na injini inawaka.

Kwenye boksi kuna machungwa. Yana madoa meusi, yale yenye kitobo katikati kama kovu la ndui. Yametoka kwa mtu wa huku ambaye hataki kutajwa, na mimi nimempa ahadi. Wewe yaweke kwenye huo uji wako uone kama yanatoa njano. Kama yanatoa, si utakuwa umewapata wote wawili mezani? Si ndicho alichotaka huyo bwana?

Usiulize ni nani. Fanya kazi yako.

Shangazi


Maabara
19 Mei

Shangazi,

Njano imetoka.

Ilichelewa mpaka nikakata tamaa, halafu Jumatatu asubuhi nikafika kwenye korido yangu nikakuta pembeni ya kuvu pamepakwa rangi kama ya kiini cha yai. Mbegu zake nimeziweka chini ya hadubini: kamkia kapo, koti jembamba. Nikaziweka sahani mbili pamoja, ya kwako ya juu na hii, juu ya uji ule ule wa sufuria ile ile. Nikamwita Mkuu. Safari hii alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Akatoa miwani, akaifuta, akarudi tena. Halafu akasema, "Ni mbili." Akanyoosha mkono akanipa, mbele ya mdeki na watu wote. Nilikuwa nimengoja neno hilo tangu mwezi wa tatu, na nilipolipata sikufurahi hata kidogo.

Kwa sababu shangazi, machungwa ya boksi lako yana kitovu, na bonde zima ni wewe peke yako mwenye machungwa yenye kitovu, kwenye miti yako ya chini.

Nimeyala kila likizo. Ulidhani sitayajua? Nilikuuliza miti ya chini imekuwaje, ukaniambia haikuzaa. Ulinichagulia majani mazuri ya babu ukanitumia, nami nikasimama nikaapa kwamba bonde ni safi. Nilikuwa tayari kupoteza kazi kwa ajili ya kiapo hicho, na kilikuwa cha uongo, na wewe ulijua. Nimekasirika nawe kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Hilo nalisema wazi ili lisije likaoza ndani.

Mkuu aliuliza sampuli imetoka wapi. Nikainama nikaanza kufunika sahani. Akaniambia, kwa upole kabisa, naweza kuandika "bondeni" na kuishia hapo. Nilifikiri jambo hilo siku nzima. Nikiandika "bondeni", basi kila mti wa bonde unabaki mshukiwa, na misumeno inakuja kwa wote, kwa Fundi Bomba, kwa mwenye duka, mpaka kwenye miti ya babu. Nikiandika ni shamba lipi, linakatwa hilo moja na mengine yanapona.

Nimeandika shamba la chini. Nimeandika jina lako lote. Miti ya juu na mashamba mengine nimeandika kwamba ni kuvu ile nyingine, isiyodhuru, na nimesaini. Mkuu amesaini chini yangu. Yanayofuata yatafika kwenu kabla ya mwisho wa mwezi.

Sikukuomba ruhusa na sikuombi msamaha. Ningekuomba ungekataa, nami ningeandika vile vile. Kama unataka kunikana, nikane kwa barua, nijue moja.

Mpwa wako


Nyumbani
27 Mei

Mwanangu,

Umesahau kuniamkia. Marahaba hata hivyo.

Nikukane? Nikikukana nitamgombeza nani?

Nilijua utajua. Ningetaka usijue ningeyamenya kwanza. Vijiti vya kubebeshea, nilivyounganishia miche ya ile miti ya chini, nilivikata mwenyewe nilipokwenda msibani nchi jirani, kwenye uzio wa mtu, nikavifunga kwa kitambaa kibichi nikavipitisha mpakani chini ya nguo zangu, wakanipekua mkoba na viatu. Nilijisifu kwa ujanja huo miaka yote. Madoa yalipoanza mwaka jana nikajitia sioni, nikawa nayatoa matunda mabaya na kuyafukia. Nilitaka miti yangu ibaki na bonde lipone, vyote viwili. Nani hataki vyote viwili? Halafu ukaniandikia wamekuweka karibu na ndoo, na yule bwana anasema huna ushahidi, wakati ushahidi nilikuwa nao mimi hapa shambani naumwagilia maji. Nikaona hapana. Mtoto wangu haketi kwenye korido kwa ajili ya machungwa.

Lakini jina langu sikuweza kuliandika. Nilishika kalamu ikanishinda. Nikasema nitampelekea, ataliandika yeye, ana roho ngumu kunishinda. Basi umeliandika. Ulivyoandika "sikuombi msamaha" nilisoma kwa sauti, nikasema huyu kweli ni wetu.

Watu wa Idara walikuja Jumanne. Wamekuta nimeshaanza. Siku ile barua yako ilipofika nilikwenda kwenye duka lile lile, nikawaambia wote waliokuwapo kwamba ugonjwa ulikuwa kwangu, chini, na kwamba mimi ndiye niliyeuleta. Nikarudi nikachukua shoka. Afisa akaniambia, "Mama, hiyo kazi ni yetu, wewe pumzika." Nikamwambia nimeipanda mimi na nitaikata mimi, na yeye asimame pembeni aandike kwenye karatasi zake kwamba mingine yote bondeni haiguswi, aniandikie nikimwona. Akaandika. Fundi Bomba na mwenye duka wakaja na majembe bila kuitwa, wakachimba mizizi. Mwenye duka hata hajui kushika jembe, alikuwa anatusumbua tu, lakini alibaki mpaka mwisho. Majani yaliyoanguka tumeyafagia na kuyachoma kama ulivyosema, mpaka la mwisho.

Pale chini sasa ni peupe. Usije wiki hii kunipa pole, sitaki kuangaliwa. Baba yako amekuja akasimama pale akasema nitapewa mstari mmoja wa miti ya juu. Nimemwambia si mstari mmoja, ni nusu, na nimeanza kuipogolea.

Ulikuwa unataka kuuliza kama nimelia, na umeogopa. Nimelia. Nililia mti wa kwanza mpaka wa mwisho, lakini nililia huku nakata.

Shangazi yako